Miungu Waliostaafu Kabla Yangu

Nimestaafu mwezi uliopita, na chuo kimenizawadia saa ya ukutani. Mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi anapewa saa. Aliyeanzisha desturi hii bila shaka alikuwa mcheshi. Nimeacha kazi kwa sababu ya macho. Daktari anasema ni presha ya macho. Amenipa chupa ndogo ya matone, tone moja asubuhi na moja jioni, na akanieleza kwa upole mwingi kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Jicho la kushoto ndilo limetangulia. Herufi za Kigiriki zinatawanyika mbele yake kama sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, taa ya mvuvi ikizimika.

Ninyi mnaobaki kufundisha shule ya Biblia ya Jumamosi mmeniomba niwaandikie hekima. Hekima sina. Nina mambo machache niliyoyaona, kosa moja kubwa, na tochi. Nitaanza na mwanzo, maana mkianzia kwenye kosa mtaacha kusoma mkidhani mmeshanijua.

Nilifika Durban kutoka Bukavu na shahada ya historia ndani ya mfuko wa plastiki. Jiji liliipokea shahada hiyo kwa heshima zote: lilinipa kizibao cha njano kinachong'aa na kipande cha barabara South Beach, chini ya maghorofa, nilinde magari ya watu waliokwenda kuogelea. Kwenye mtaa ule tulikuwa walinzi wanne. Mwanahistoria, mhandisi wa madini, muuguzi, na mmoja ambaye hakuwa na shahada yoyote. Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa anaijua kazi.

Kila Alhamisi alikuja bibi mmoja na gari lililozeeka naye sambamba. Jina lake Hester, nasi tukamwita Mama Hester. Siku moja alinikuta nimekalia ndoo nasoma kitabu cha historia ya Wagiriki, wale ambao Biblia inawaita Wayunani. Hakuuliza mlinzi wa magari anasoma kitabu cha nini, swali ambalo wengine wote waliuliza. Aliuliza, "Mungu wa bahari alikuwa nani?"

"Poseidoni," nikajibu.

"Na sasa hivi ni nani?"

Sikujua kama kuna mwingine.

"Mtakatifu Nikola," akasema. "Mabaharia wale wale, dhoruba zile zile. Poseidoni alistaafu, Nikola akashika zamu. Njoo chuoni Jumatatu, nahitaji mtu wa kufuta vumbi bila kuvunja."

Mama Hester alikuwa anatunza chumba kimoja chuoni chenye mitungi ya kale ya Kiyunani, vipande vya sanamu na misalaba ya shaba iliyoliwa na kutu. Siku yangu ya kwanza alinipa brashi laini, ile ambayo akina mama wanapakia poda usoni, akaniketisha mbele ya mtungi mmoja asubuhi nzima. Nilikatazwa kuugusa na nilikatazwa kusema. Saa sita akaja kuniuliza nimeona nini. Nikaanza kumweleza miungu iliyochorwa, vita vyao, ndoa zao, yote niliyoyakariri chuo kikuu. Alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayengoja mvua ikatike. Kisha akachukua tochi ya baiskeli, akaiweka ubavuni mwa mtungi ili mwanga upite ukilala juu ya udongo, na pale pale nikaona mkono wa mtungi umelika upande mmoja tu, mahali ambapo vidole vya mtu mmoja viliushika miaka na miaka.

"Usiwaulize watu waliamini nini," aliniambia. "Watakudanganya, kama mimi na wewe tunavyodanganya. Angalia walipogusa."

Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo. Hakuna kilichoongeza sana juu ya sentensi hiyo, ingawa vingi vilikuwa vizito zaidi.

Mama Hester alipofariki aliniachia ile tochi. Kufikia wakati huo nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya Biblia ya Jumamosi, ile ya wachungaji wetu wa Kongo na Burundi, kwenye chumba juu ya saluni pale Umbilo. Mnakijua chumba. Mnajua kwamba ukifundisha habari ya ufufuo, chini wanawasha mashine ya kukaushia nywele. Somo langu lilikuwa namna Wayunani walivyobadilisha dini yao, tangu mahekalu mpaka makanisa. Nilichora safu mbili ubaoni: Aliyestaafu, na Aliyeshika Nafasi. Athena alikuwa na hekalu lake juu ya mwamba kule Athene. Likawa kanisa la Maria, baadaye likawa msikiti. Kila aliyeingia alitangaza kwamba amelisafisha.

Darasa lilipenda safu zangu. Hawa ni watu wanaojua kuondolewa mahali. Lakini tulipofika kwa Asklepio, mungu wa uponyaji, palichimbika kidogo. Niliwaeleza kwamba wagonjwa walilala hekaluni kwake wakingoja waponywe ndotoni, na hekalu lilipofungwa wakahamia kulala katika makanisa ya watakatifu waponyaji. Mlango mpya, mkeka ule ule.

"Hapana, Papa Mwalimu," alisema Mama Bahati. "Wale walikuwa wapagani."

Nikauliza ni wangapi humo ndani wamelala kwenye chumba cha maombi siku tatu mwezi uliopita. Mikono yote ikapanda, na wa Mama Bahati ukiwa mbele.

"Ile iko différent," akasema.

Nikamjibu kwamba hata Wayunani walisema hivyo hivyo.

Niwaeleze habari za Mama Bahati, kwa sababu yaliyobaki ni yake. Mama wa Uvira, mshonaji katika kiwanda cha nguo Pinetown, anapanda taxi kabla jua halijachomoza, na Jumapili ni mchungaji wa kanisa la watu kama sitini. Katika miaka yangu yote sikupata mwanafunzi mwingine kama yeye. Aliandika kila kitu. Nadhani hata nilipokohoa aliandika. Nilijivunia sana madaftari yake. Mwalimu akipata mwanafunzi anayeamini kila neno lake, huwa hafikirii kwamba hilo ni jambo la hatari.

Sasa kosa. Jumamosi moja nilifundisha jinsi Wakristo wa mwanzo walivyozitendea sanamu za miungu. Wengine walizivunja, nikasema, wengine waliziacha, na wengine walifanya jambo la kuvutia zaidi: walichonga msalaba kwenye paji la uso wa sanamu na kutoboa macho, ili pepo aliyemo asione nje. Nilichora uso ubaoni. Nikauchonga msalaba kwa chaki, nikayatoboa macho kwa kidole, darasa likacheka. Mama Bahati akauliza kama jambo hilo lilikuwa zuri au baya.

"Mwanahistoria hahukumu," nikamjibu, kwa majivuno ya mtu ambaye hajawahi kualikwa mahakamani. Nikafunga kitabu. Nusu ya pili ya somo, nikasema, Jumamosi ijayo.

Kanisa la Mama Bahati lilikuwa limepanga jengo dogo kwenye kichochoro nyuma ya Umbilo Road. Kabla yao palikuwa karakana ya kushona viti vya magari. Ukuta wa mbele ulipakwa chokaa nyeupe, na nyuma yake hakuna aliyeuliza kuna nini. Kwaya yao ina spika ambazo nisingeziruhusu hata kwenye uwanja wa mpira. Jumapili ile, siku moja tu baada ya somo langu, besi ilipiga, unyevu wa Durban ulikuwa umeshafanya kazi yake, na bamba zima la chokaa likaanguka nyuma ya ngoma. Ukutani akatokea mzee mwenye ndevu, anawatazama.

Sitawasimulia vurugu iliyofuata, sikuwepo. Najua tu kwamba mchungaji alibaki mtulivu, akafungua daftari lake, akaomba bisibisi.

Jumatatu alinipigia simu wakati wa mapumziko ya kiwandani.

"Papa Mwalimu, Mungu iko mwema," alisema. "Pepo ilijionyesha kwa mur, pale ukutani. Lakini tulifanya vile ulitufundisha, kabisa. Msalaba kwa kipaji, macho tuliyatosha, tukayatoboa. Comité ya wazee imesema Jumamosi wababa wataleta mashine, watakwangua yote inayobaki."

Nilikaa. Nilimuuliza kama ule uso ulikuwa na maandishi pembeni.

"Iko na maandishi. Tulijua ni ya uchawi, hayasomeki."

Jumatano, siku yake ya mapumziko, alinifungulia mlango. Niliwasha tochi ya Mama Hester, nikaiweka ubavuni mwa ukuta. Mzee mwenye upara na ndevu nyeupe, chini yake meli ndogo. Maandishi ya uchawi yalikuwa jina lake kwa Kigiriki: Nikola. Yule yule aliyemstaafisha Poseidoni. Pale penye macho palikuwa na matundu mawili meupe ya plasta, na msalaba umeshuka kutoka kwenye upara mpaka juu ya pua, mistari imenyooka sana. Kazi ya mshonaji. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani, na ninasema hivyo kama mtu aliyewahi kuombwa vyeti na watu wanaoparki vibaya.

Mlango tulikuwa tumeuacha wazi kwa ajili ya mwanga. Bibi mmoja wa Kigiriki, mwenye kimkokoteni cha sokoni, akasimama kizingitini. Baadaye tulikuja kujua kwamba anaitwa Eleni, anakaa kwenye flati mtaa wa pili, na alikuwa akipita hapo kila siku akiukuta mlango umefungwa. Alizungumza Kiingereza cha kutafuna.

"Nikola bado yupo?" akauliza.

Nikasimama kati yake na ukuta, kana kwamba mtu mmoja mwembamba anaweza kumziba mtakatifu. Nikamwambia kuna vumbi.

"Zamani hapa palikuwa kanisa letu dogo," akasema. "Mume wangu ndiye aliyemchora. Alikuwa anapaka rangi meli bandarini, kwa hiyo ndevu ni rangi ya meli. Pua ilimshinda. Nilimwambia siku ile ile. Nisogee nimwone?"

Akanipita. Alitazama matundu yale kwa muda mrefu. Mama Bahati alikuwa amesimama kando ya ngoma. Kiingereza alikielewa vizuri, na uso wake ulikuwa umebadilika tangu neno mume.

"Nani amefanya hivi?" Mama Eleni akauliza.

Ningeweza kujibu mimi. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kitaalamu.

"Ni mimi, mama," Mama Bahati akasema. "Sikujua ni kazi ya bwana yako. Pardon."

Tulingoja alie, au atutukane. Alisogea karibu zaidi, akaweka kidole kwenye tundu moja.

"Kijijini kwetu," akasema, "watakatifu wote kanisani hawana macho. Anayetembeza watalii anasema ni maadui waliyatoboa. Bibi yangu alikuwa anacheka. Maadui gani, anasema, ni sisi wenyewe. Mtoto akiumwa macho, mama yake anakwenda kukwangua kidogo jicho la mtakatifu, anachanganya na maji, anampaka mtoto." Akageuka. "Vumbi lake mlitupa wapi?"

Mama Bahati akatazama chini. Vumbi halikutupwa. Comité ilikuwa imejadili: likitupwa mtoni litalaani samaki, likitupwa kwenye pipa litalaani wazoa taka, ambao hawana kosa. Kwa hiyo lilikuwa ndani ya kopo la kahawa, na juu ya kopo Zaburi ya tisini na moja, imefunguliwa.

Mama Eleni hakulichukua. Alisema ombi lake ni dogo. Picha aliyochora mume wake duniani ni moja hii. "Ningojeeni nife," akasema. "Halafu mkwangue."

Alipoondoka na kimkokoteni chake, Mama Bahati alikaa kwenye kiti cha mpiga ngoma. Comité ilikuwa imeshaamua, na akienda kinyume, nusu ya kanisa ingesema mchungaji wao analinda sanamu. Makanisa yetu Durban yamegawanyika kwa mambo madogo kuliko hilo, mnayajua.

"Papa Mwalimu," akasema mwishoni. "Wale Wayunani walifanya je, mwisho?"

Nikamwambia. Walikuja wafalme Wakristo wakaamuru picha zote zitolewe makanisani, watu wakapigana juu ya jambo hilo zaidi ya miaka mia. Picha zilipakwa chokaa, zikarudi, zikapakwa tena, zikarudi.

"Nani alizirudisha?"

"Malkia. Mara ya kwanza malkia, na mara ya pili malkia mwingine."

"Mwanamke?"

"Mara zote mbili."

"Ile hukutufundisha."

"Ni nusu ya pili. Ni ya Jumamosi ijayo."

"Eish, Papa Mwalimu," akasema. "Ungeanza na hiyo."

Mama Bahati hajawahi kuniambia neno kali zaidi ya hilo, na hakuna neno la haki zaidi nililowahi kuambiwa kazini. Liandikeni kwenye mlango wa chumba. Msimpe mtu nusu ya somo akaenda nayo nyumbani. Atajenga nayo, au atabomoa nayo, kwa nia njema kabisa.

Jumamosi comité nzima ilikuja darasani, wanaume watatu wamekunja mikono, mashine ya kukwangulia wameiacha kwenye gari. Nilifundisha kama mtu anayetetea nyumba yake. Kwa mara ya kwanza nilihukumu. Nilisema msalaba ule ulikuwa kosa, na kwamba kosa ni langu, na kwamba ukutani hapakuwa na pepo, palikuwa na bwana mmoja aliyepaka meli na akampenda mtakatifu wa mabaharia kuliko kipaji chake kilivyoruhusu. Kisha Mama Bahati akasimama akawaeleza habari ya mjane. Alieleza kwa dakika tatu, bila safu mbili, bila wafalme, na kazi yote ikawa yake. Mzee wa comité alikohoa, akauliza kama pazia litatosha.

Pazia likatosha. Alilishona Mama Bahati kwa mabaki ya vitambaa vya kiwandani, la zambarau, likafanana na kanzu za kwaya. Jumapili limefungwa. Jumatano linafunguliwa, kiti kinawekwa, Mama Eleni anakaa. Mishumaa ilikatazwa, basi alileta mmoja wa betri, akaitazama comité usoni akauwasha. Alikuja hivyo kila Jumatano mpaka miguu ilipokataa, na akina mama wa kanisa wakaanza kumpelekea sombe, kisamvu chetu, kwenye flati. Alisema ina chumvi nyingi. Alimaliza.

Alifariki majira haya ya baridi. Ahadi ilikuwa mpaka afe, nayo imekwisha.

Wiki iliyopita nilikwenda kumuaga Nikola kabla mashine haijafika. Mama Bahati alinifungulia. Nikamuuliza comité imepanga siku gani.

"Haijapanga," akasema. "Pazia iko inasaidia sauti ya kwaya, Papa. Bila pazia inapiga mwangwi mubaya."

Nikamjibu kwamba sayansi ya sauti ni jambo zito. Akafungua pazia. Nikaweka tochi ubavuni mwa ukuta, kama nilivyofundishwa, na hata kwa macho yangu haya niliona. Matundu yalikuwa makubwa kuliko yale ya bisibisi. Kingo zake zilikuwa na mikwaruzo myembamba, mipya, mingi, ya kucha. Kwenye mmoja palikuwa na chembe ya rangi nyekundu, ile wanayopaka wale mabinti wa saluni chini ya darasa letu.

"Nani amekwangua?" nikauliza.

"Sijui, Papa. Miye siulizaka." Akachukua ndoo yake. "Nakuacha kidogo, naenda kufunga maji nyuma."

Nyuma hapana bomba. Ninalijua jengo lile.

Nilibaki mbele ya Nikola, mimi mwenye safu mbili, mwenye mlango mpya na mkeka ule ule. Niliwacheka Wayunani miaka mingi na mshahara nikapokea. Nilikuwa naogopa giza, ndugu zangu, na bado naogopa. Hakuna namna ya kulisema kwa kejeli, nimejaribu.

Tochi nimewaachia kwenye droo ya juu, betri ni mpya. Mkienda kumwona, ishikeni ubavuni. Mkwaruzo wa mwisho, chini ya jicho la kushoto, ni wangu.